Mhogo na mchunga navyo vihesabiwe

Mhariri,

Kila kiangazi kikibana Kilifi habari ni zile zile, Ganze njaa, Magarini njaa, malori ya mahindi na maharagwe yako njiani. Msaada nashukuru, manake mwenye njaa huwezi kumwambia angoje, lakini mbona hatuzungumzii vyakula vilivyowabeba Wamijikenda miaka yote? Ukame ulioanza 2020 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, na mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa maua ndo basi tena, ila mhogo unakaa tu ardhini, unang'oa shina moja leo lingine wiki ijayo, na ule mchungu mama zetu wanajua kuumenya, kuuloweka na kuuanika mpaka sumu itoke, wanatwanga unga wa sima. Hiyo ni sayansi kabisa!

Mboga nazo, mchunga, mnavu, majani ya kunde... Mchunga unauchemsha, unamwaga maji ya kwanza uchungu upungue, halafu unatia tui zito la nazi, kwa sima hauna mfano. Saa hii watoto wanauita chakula cha maskini na wengi hata wakiuona shambani hawaujui. Inaniuma sana.

Misitu ya Kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, iliingia urithi wa dunia wa UNESCO 2008 na tukafurahi sote. Sasa wazee wanaojua mboga za mwitu waitwe shuleni wafundishe, na kaunti itenge bajeti ya mbegu za mihogo, zigawiwe kabla ya masika, sio mahindi peke yake.

Msomaji wenu,
Kilifi