Kwa nini supu inatangulia peke yake

Kila tunapohudumia mlo wa awamu hapa Kigoma, hakosi mgeni wa kutazama bakuli la supu na kuuliza, "Ndiyo hii tu?" Kwenye shughuli moja ya mahari kule Ujiji, mama mmoja alisukuma bakuli pembeni akiamini jikoni kumeisha chakula. Alikuwa mgeni wetu, na kosa lilikuwa letu: hatukumweleza kwamba ugali uko njiani.

Chakula chenyewe ni kile kile mnachokijua, ila kinafika kwa zamu. Kwanza supu ya samaki aina ya sangala yenye limau, nyepesi, ya kuamsha hamu. Kisha samaki mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo. Mwisho nanasi.

Mpangilio huu ni wa zamani sana. Warumi wa kale walifungua na mayai na kufunga na matofaa. Katika karne ya 9, Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad akahamia Cordoba, anatajwa kuwa ndiye aliyewazoesha watu wa ikulu kuanza na supu, kufuatia nyama au samaki, na kumalizia vitamu. Wafaransa matajiri walikwenda njia nyingine: vyakula vingi vilipangwa mezani kwa mkupuo. Macho yalishiba, lakini vyakula vilipoa. Inasimuliwa kwamba balozi wa Urusi mjini Paris, Kurakin, ndiye aliyeonyesha huko, mwaka 1810, mtindo wa kuleta chakula kimoja baada ya kingine. Ulichukua miaka mingi kuenea.

Kupoa ndiko kunakotusumbua na sisi. Mawese yakipoa huganda. Mgebuka uliotoka jikoni ukimeremeta, ukisubiri foleni ya kujipakulia wakati wa upepo wa usiku wa ziwani, mchuzi unashika utando wa rangi ya chungwa, na mafuta yananata kwenye midomo. Anayepakua wa mwisho, na mara nyingi ni mzee aliyewapisha vijana, anakula kitu tofauti kabisa na tulichopika. Kwa awamu, wageni wanakunywa supu huku sisi tukimalizia samaki, na sahani inatoka ikifuka moshi.

Gharama inapanda, hatufichi. Kila mgeni anatumia vyombo vitatu badala ya kimoja, na wahudumu wanaongezeka. Kwa umati wa mamia tunashauri mjipakulie. Kwa wageni 40 au 60, awamu inafaa sana, mradi idadi tuipate mapema na MC atangaze vyakula vyote kabla ya supu kutoka.

Mkipanga tarehe, tazameni na mwezi. Wavuvi wetu hutumia taa kuvutia samaki usiku, na usiku wa mbalamwezi mwanga wa taa hauna nguvu, samaki huadimika. Shughuli ikiangukia siku hizo tuambieni mapema, tuandae kuku wa kienyeji.