Mtoto anaponyamaza mbele ya skrini

Akiwa anacheza, mtoto huyataja maneno ya lugha mpya bila shida. Mwalimu akitokea kwenye skrini na kuuliza "Hiki ni nini?", ananyamaza. Mara nyingi kosa si lake: ameulizwa swali la mwisho kabla ya kupitishwa kwenye hatua ya kati.

Maria Montessori, daktari na mwalimu Mwitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza mjini Roma mwaka 1907, alitumia somo la hatua tatu alilolipata kwa daktari Mfaransa Édouard Séguin. Kwanza mwalimu anataja: "Hiki ni kijiko." Basi, bila maelezo. Kisha mtoto anatambua: "Nionyeshe kijiko. Kifiche chini ya mkeka. Kirudishe kikapuni." Swali la "Hiki ni nini?" huja mwisho kabisa. Hatua ya pili ndiyo ichukue muda mrefu zaidi, maana hapo mtoto husikia neno hata mara kumi bila kulazimika kulisema. Mtandaoni ndiyo inayorukwa, kwa sababu mwalimu amebaki na picha tu, na kubonyeza picha hakuupi mkono kazi.

Kwa hiyo sisi tunaofundisha lugha mtandaoni tunataka vitu viwe kwa mtoto. Kabla ya kipindi tunamtumia mzazi orodha ya vitu vitatu vya nyumbani, si zaidi. Majina yake yasikaribiane kwa sauti. Kwa anayejifunza Kiswahili, kijiko, kikombe na kikapu kwa pamoja ni mtego: yote yanaanza na "ki". Kijiko, ufunguo na sahani hayamchanganyi.

Kamera iinamishwe hadi mkeka na mikono ya mtoto ionekane. Mwalimu naye asogee karibu na kamera, midomo ionekane vizuri, kwani intaneti hufifisha sauti kama "f" na "s" hadi zikafanana. Sauti pia huchelewa. Mwalimu akishaagiza, ahesabu kimoyomoyo hadi tano. Akirudia mapema, sauti mbili zinagongana na mtoto anaambulia nusu ya neno.

Mzazi, tafadhali kaa nyuma ya mtoto, kimya. Jibu ukilinong'ona, hatutajua kama amelielewa neno au amekuiga. Akikosea, hatumwambii "hapana". Tunarudi hatua ya kwanza, au tunaliacha neno hilo hadi kipindi kingine. Nyota na makofi ya programu tumeyaondoa, kwani mtoto huanza kuisubiri nyota badala ya kulisikiliza neno.

Kwa wa miaka 3 hadi 5, dakika 15 au 20 zinatosha. Kikapu chenye vitu hivyo vitatu kibaki kwenye rafu anayoifikia mwenyewe. Akianza kuvitaja vitu hivyo bila kuulizwa, tuandikie kabla ya kipindi kijacho ili tukutumie orodha mpya.