Wakala wa kweli hamtozi mwandishi hela ya kusoma mswada

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya ukurasa wa vitabu iliyokuwa inawaelekeza waandishi wapya wa riwaya namna ya kumpata wakala, yaani mtu anayempelekea mchapishaji mswada wa mwandishi na kumuuzia, na sehemu kubwa nimeipenda maana hii mada ni nadra sana kuikuta imeandikwa kwa Kiswahili, lakini pale katikati mmepitisha sentensi moja inayomwambia mwandishi ajiandae na kiasi fulani cha kumlipa wakala ili asome mswada wake. Naomba nafasi niipinge hiyo sentensi kwa nguvu zote, kwa sababu wapo watu watakaoiamini na watatoa hela ya ada ya mtoto wampe tapeli.

Wakala wa vitabu anaishi kwa kamisheni. Kule Marekani na Uingereza ambako hii kazi imeshamiri, riwaya yako ikiuzwa kwa mchapishaji wa nchini anakata asilimia 15, na ikiuzwa nje au kwa ajili ya tafsiri mara nyingi anakata 20 kwa kuwa huko nje anakuwepo wakala mwingine wa kugawana naye. Hela inatoka kwa mchapishaji, inapita kwa wakala, anatoa fungu lake, inayobaki inakuja kwako. Kitabu kisipouzwa hapati chochote, hata kama amekisoma mara tano na kukuelekeza sura gani uiandike upya. Mambo yako hivyo tangu enzi za A. P. Watt, yule bwana wa London anayetajwa kama wakala wa kwanza wa kitaalamu, aliyeanza miaka ya 1870 hivi akiwa anakata asilimia 10. Fungu limepanda ila utaratibu ni ule ule. Na chama cha mawakala wa Marekani kimeweka kwenye kanuni zake za maadili kwamba mwanachama hatozi mwandishi hela ya kusoma mswada, kwa hiyo hili sio suala la wakala huyu mkarimu na yule mbahili, hapana, anayedai hela ya kusoma amejitoa mwenyewe kwenye hiyo kazi.

Ukishaelewa kwamba huyu mtu hapati kitu mpaka kitabu kiuzwe, mambo mengi ambayo makala yenu imeyaita ya ajabu yanaeleweka. Kwa nini hajibu haraka? Kwa sababu kusoma barua za waandishi wapya ni kazi isiyo na malipo, anaifanya jioni au wikiendi baada ya kumaliza kazi za waandishi alionao tayari, ambao ndo wanaomlisha. Kwa nini barua anataka fupi? Kwa sababu hiyo hiyo. Kwa nini anakataa riwaya nzuri? Kwa sababu yeye hajiulizi tu kama ni nzuri, anajiuliza pia kama anamjua mhariri wa kampuni fulani atakayeinunua, na kama jibu hana basi akiikubali atakupotezea miaka yako na yake.

Sasa hiyo barua yenyewe ya kumwomba wakala aitazame riwaya yako, ile wenyewe wanaiita kwiri (query kwa Kiingereza), naona hapo ndo mlitakiwa kukaa sana na nyie mmepita mbio. Inakuwa ya ukurasa mmoja, maneno 250 mpaka 350 hivi, na kazi yake ni moja tu, kumfanya mtu atake kusoma kurasa za kwanza. Waandishi wengi wanaitumia kueleza maana ya riwaya, unakuta mtu ameandika riwaya yangu inazungumzia usaliti, mapenzi na nguvu ya msamaha. Hiyo ni riwaya gani? Inaweza kuwa ya mtu yeyote. Wakala anataka kujua nani, anataka nini, nini kinamzuia, na akishindwa atapoteza nini. Nitoe mfano wa kubuni: mkunga aliyestaafu anamwona kwenye televisheni kijana anayegombea ubunge, anamtambua kwa alama ya kuzaliwa kwamba ndiye yule mtoto aliyewahi kumwandikia cheti cha kifo; akisema ukweli anaenda jela, akinyamaza mama mzazi wa yule kijana atazikwa bila kujua mwanae yu hai. Ni sentensi moja ndefu tu lakini tayari una mtu, una siri, una uamuzi mgumu, na hujataja neno usaliti wala msamaha popote. Barua inaishia karibu na hapo, haisemi mkunga aliamua nini. Mwisho wa hadithi unausema kwenye muhtasari, ambao ni karatasi nyingine ya ukurasa mmoja au miwili, na huko usifiche kitu, mpaka nani alikufa unamwaga yote, maana wakala anataka kuona kama hadithi inasimama mpaka mwisho. Watu wanachanganya hizi karatasi mbili kila siku, wanaficha mwisho kwenye muhtasari wakidhani wanamtamanisha wakala, kumbe wanamkera.

Baada ya hadithi unaweka jina la riwaya, aina yake, na idadi ya maneno. Riwaya ya kawaida ya watu wazima inatakiwa iwe kati ya maneno 80,000 na 100,000, za fantasia zinavumiliwa zaidi ya hapo, na ukimwandikia mtu kwamba yako ina maneno 250,000 anajua hujaipunguza, wengi wataishia hapo hapo. Unataja na vitabu viwili au vitatu vilivyotoka miaka ya karibuni ambavyo wasomaji wake wangependa na chako. Sio vitabu vya karne iliyopita wala sio vile vilivyouza dunia nzima, kwa sababu lengo ni kumwonyesha unajua kitabu chako kitakaa rafu gani dukani leo. Alafu sentensi mbili za kujitambulisha basi. Kama hujawahi kuchapisha popote usiombe msamaha, hakuna anayekudai hicho kitu, na usiseme mama yako na marafiki waliipenda sana.

Na jamani riwaya iwe imeisha! Hili mngeliandika kwa herufi kubwa. Wanaoandika vitabu vya maarifa wanaweza kuuza kwa pendekezo na sura chache, lakini mwandishi mpya wa riwaya anatakiwa awe na mswada mzima, umeshasomwa na watu wengine, umesahihishwa, uko tayari, kwa sababu wakala akipenda kurasa za kwanza atakuomba mzima hata siku hiyo hiyo, sasa utamwambia nini, subiri mwaka mmoja nimalizie?

Kuhusu kutuma, mmeshauri mtu atume kwa mawakala wote kwa siku moja ili apate jibu haraka. Hapana. Ukituma kwa watu mia na barua yako ina kasoro umeshaichoma ile orodha yote kwa siku moja, wengi wao hawatakubali kuiona tena riwaya ile ile. Tuma kwa watano mpaka kumi, subiri, angalia. Kama hakuna hata mmoja aliyeomba kurasa zaidi, barua au kurasa zako za mwanzo zina shida, zirekebishe kabla hujaendelea. Kama wanaomba mswada mzima alafu wanakataa, basi barua inafanya kazi na tatizo liko mbele kwenye riwaya. Ukimya wao na kukataa kwao vinakupa taarifa ukivisoma hivyo. Na kila wakala ana masharti yake kwenye tovuti, huyu anataka barua na kurasa tano za kwanza zibandikwe ndani ya imeli kwa sababu hafungui viambatisho kutoka kwa asiyemjua, yule wa Uingereza anataka barua, muhtasari na sura tatu za mwanzo kama faili, mwingine anapokea kwa fomu ya mtandaoni tu. Fuata kama yalivyo. Na usitume kwa mawakala wawili wa ofisi moja kwa wakati mmoja, wengi hawalipendi hilo, na mara nyingi mmoja akikataa ni kama ofisi nzima imekataa.

Kuna jambo moja siwatetei mawakala hata kidogo, nalo ni huu mtindo uliozoeleka wa kuandika kwenye tovuti kwamba ukiona kimya baada ya wiki fulani ujue ni hapana. Naelewa barua ni nyingi, lakini mtu aliyekaa na riwaya miaka anastahili mstari mmoja, na siku hizi kuna programu zinazoweza kutuma huo mstari kwa kubonyeza mara moja. Na pale ambapo wakala mwenyewe ndiye aliyeomba mswada mzima alafu akapotea, hapo naona ni utovu wa adabu kabisa. Mwandishi ana haki ya kumkumbusha kwa upole baada ya miezi mitatu hivi, asiogope, huo sio usumbufu.

Mmemtaja pia Kathryn Stockett, yule mwandishi wa Marekani, ambaye amesimulia mwenyewe kwamba riwaya yake ya kwanza, The Help, ilikataliwa na mawakala 60 kabla ya wa 61 kuikubali. Ni kweli, lakini watu wanausimulia huo mkasa kana kwamba alikaa tu anatuma karatasi zile zile mpaka bahati ikamwangukia. Alikuwa anaiandika upya njiani, na hiyo sehemu ndo yenye faida kwa mwandishi mpya.

Nirudi kwenye hela maana ndo kilichonifanya niandike. Kuna kijana ninayemfahamu, ana kipaji kweli, alipokea imeli ikimsifia riwaya yake kwa maneno matamu, ikimtajia mpaka majina ya wahusika, na jina lililosainiwa ni la wakala wa kweli anayejulikana. Wakamwambia mchapishaji mkubwa ameshaipenda, kinachotakiwa ni malipo kidogo ya uhariri, alafu ya hakimiliki, alafu ya kodi, kila akilipa kinazuka kingine, na akisita wanamwambia mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wakala mwenye lile jina hakuwa na habari yoyote. Huu utapeli wa kuvaa majina ya mawakala na wachapishaji halisi umesambaa sana, na tangu zije programu za akili bandia hizo imeli zinaandikwa vizuri kiasi kwamba ile njia ya zamani ya kuwatambua kwa lugha mbovu haisaidii tena. Kinachosaidia ni haya: wakala mwenye kazi zake ni mara chache sana akuandikie wewe wa kwanza wakati hujulikani popote, angalia imeli imetoka anwani gani, kama ni anwani za bure zinazotolewa kwa kila mtu na sio ya ofisi yake, simama, nenda kwenye tovuti ya ofisi hiyo uwaandikie kwa anwani iliyopo pale uulize kama ni wao. Kuna na Writer Beware, huduma ya kuwaonya waandishi, chini ya chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia cha Marekani, wamekuwa wakifichua matapeli wa namna hii tangu 1998 na kuwasoma ni bure kabisa.

Kumlipa mhariri wa kujitegemea akusaidie kunyoosha mswada kabla hujautuma ni jambo jingine, hilo ni hiari yako na hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale wakala anapokuambia atakuchukua ukimlipa mhariri aliyemchagua yeye.

Na hata ukipata wakala wa kweli akakupigia simu kusema anaitaka riwaya, usiseme ndio papo hapo kwa furaha. Utaratibu unaokubalika ni kuomba wiki mbili hivi uwajulishe wengine wenye mswada wako, na wakala mzuri hatakasirika, anaujua. Muulize anaiona riwaya ibadilike wapi, atawapelekea wachapishaji gani, isipouzwa itakuwaje, na uombe kuongea na mwandishi mmoja au wawili anaowawakilisha. Soma mkataba, hasa kipengele cha kuvunja mkataba, ujue mkiachana nani anabaki na nini, maana kwa vitabu alivyokwisha kuviuza kwa kawaida ataendelea kukata kamisheni yake hata mkishatengana.

Ninachoomba Mhariri ni kitu kidogo. Toleo lijalo wekeni sahihisho pale pale kwenye ukurasa wa vitabu, sio kwenye kona ya ukurasa wa mwisho, mseme wazi kwamba wakala hatozi ada ya kusoma, ya kujisajili wala ya kuwasilisha mswada. Na ile makala iliyoko kwenye tovuti yenu ifuteni hiyo sentensi, kwa sababu gazeti la karatasi litafungiwa bidhaa na kusahaulika lakini kule mtandaoni mtu ataikuta hata baada ya miaka kumi, akiwa ndo kwanza amemaliza riwaya yake na anatafuta pa kuanzia.

Wenu,
Msomaji na mwandishi wa riwaya