Barua kwa mwanangu: miaka kumi na minne ya mzee Wenger

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama samli ilifika salama.

Tangu uondoke baada ya Idi nina neno kifuani. Usiku ule barazani, mzee mwenzangu alipomtaja kwa wema Wenger, kocha wa Arsenal ya Uingereza aliyeondoka 2018 bila ubingwa wa ligi tangu 2004, ulimkatiza: "Huyo alitupotezea miaka kumi na minne." Kisha ukainuka, ukaingia ndani kulala. Nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Kwenye simu maneno ya namna hii hayakai, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na wewe mwenyewe. Ulizaliwa hapo hospitali ya Bombo, Aprili 2004, wiki ile ile Arsenal walipochukua ubingwa kwenye uwanja wa Tottenham kwa sare ya 2-2. Wiki tatu baadaye wakaifunga Leicester 2-1 na kumaliza ligi: mechi 38, kushinda 26, sare 12, kufungwa hakuna. Mama yako alikuwa bado kwenye arobaini, na nilimwomba ruhusa niende kuangalia mechi hiyo. Alinipa, nami sijaisahau hisani ile. Kwa hiyo wewe ulipoanza kuujua mpira, karamu ilikuwa imekwisha. Ulikuta watu wanaosha vyombo.

Najua mechi iliyokuingia moyoni ni ipi, maana mimi ndiye niliyekupeleka. Jumapili, tarehe 28 Agosti 2011, mwishoni mwa Ramadhani, Arsenal wako Old Trafford, kwa Manchester United. Ulikuwa na miaka saba na ulikuwa umeshikilia kufunga siku nzima kama wakubwa. Mpira ulianza saa kumi na mbili jioni. Kibanda umiza kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni, wewe nimekupakata. Adhana ikaingia kipindi cha kwanza, mwenye banda akapunguza sauti ya televisheni, tende zikapita kwenye mabenchi ndani ya kifuniko cha ndoo, kila mtu anachukua moja. Ya kwako uliishika tu mkononi. Van Persie alikuwa anaweka mpira kwenye penalti, tukiwa nyuma bao moja. Kipa wao De Gea akaipangua. Dakika moja baadaye Ashley Young akatufunga la pili, na tende bado iko kiganjani mwako.

Yaliyofuata unayajua: 8-2. Kwenye keria ya baiskeli ulinishika kiunoni kimya, nasikia tu shati langu linalowa mgongoni. Tulipofika karibu na Barabara ya Kumi na Mbili ukaniuliza, "Baba, kocha atafukuzwa?" Nikakujibu hapana. Hukulipenda jibu lile, na naona mpaka leo hujalipenda.

Mtoto wa miaka saba nisingeweza kumweleza kwa nini. Wewe sasa ni mtu mzima, nisikilize.

Mwaka 2006 Arsenal walihama Highbury, uwanja wa watu 38,000 hivi, wakaingia Emirates, uwanja wa watu 60,000. Kuujenga kuligharimu pauni milioni 390, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki. Mtu anayejenga nyumba kwa mkopo unamjua hapa mtaani: nyama anaila sikukuu. Na Wenger alibana matumizi wakati majirani wanapata neema. Chelsea walikuwa wamempata tajiri Abramovich tangu 2003, na Manchester City wakapata matajiri wa Abu Dhabi mwaka 2008. Yeye anauza. Henry akaenda Barcelona 2007. Fàbregas na Nasri wakaondoka Agosti ile ile ya mabao manane, ndiyo maana uliona kikosi kile kama kimeokotwa njiani. Mwaka uliofuata van Persie akaenda United, na msimu wake wa kwanza tu akabeba ubingwa huko.

Sasa angalia, katika miaka yote hiyo timu haikutoka nne bora hata mara moja. Hata msimu wa yale manane tulimaliza wa tatu. Wa tatu, mwanangu! Mashabiki wanahesabu makombe, na kwa makombe miaka ile ni mikavu kweli, kuanzia Kombe la FA la 2005 mpaka lile la 2014. Lakini kwangu mimi hapo ndipo alipofanya kazi kubwa kuliko hata msimu wa kutofungwa. Kikosi cha 2004 kilikuwa na Henry, Vieira, Bergkamp na Pires kwa pamoja. Kile cha baadaye alikishika kwa mikono miwili kisianguke. Sisi tulioipenda Coastal Union, timu yetu ya hapa Tanga, tangu utotoni tunajua uzito wa jambo hilo. Ubingwa wa 1988 tunauimba mpaka leo, na kila anayekaa uwanjani Mkwakwani anaweza kukwambia jinsi kubaki juu kunavyotoa jasho.

Na kuna jambo jingine linalowafanya wazee wangu wapandishe sauti akitajwa huyu mtu. Kanu, yule Mnigeria, alipotua Arsenal mwaka 1999 wengi wetu hatukuwa na timu ya Uingereza. Oktoba ile Chelsea walikuwa wanaongoza 2-0 kwao, Kanu akafunga matatu katika robo saa ya mwisho, la tatu karibu na mstari wa goli, mahali ambapo hujui mguu umepita wapi. Vijana wa Ngamiani wakawa wanaandika namba yake, 25, migongoni mwa fulana zao kwa kalamu ya wino. Akaja Lauren, akaja Kolo Touré. Ule ukuta wa 2004 ulikuwa na Waafrika wawili waliocheza kwa sababu kocha aliwaamini, wakati makocha wengi wa kule walikuwa bado wanasitasita. Usidhani tunamtetea kwa mazoea tu. Alitufanya tujione uwanjani.

Ila mimi simsafishi, na hapa ndipo wewe na mimi tunakutana.

Madeni yalipoanza kupungua, pesa ikaonekana. Özil alikuja 2013 kwa pauni milioni 42.5, Sánchez akafuata mwaka mmoja baadaye. Ukame ukaisha: Kombe la FA 2014, la pili 2015, la tatu 2017. Wenzangu wanayahesabu haya matatu kama msamaha wake. Mimi naona kinyume. Miaka ya njaa alikuwa kocha bora kuliko miaka ya shibe. Kiangazi cha 2015 timu yote ya kwanza iliongezwa mtu mmoja, kipa Petr Čech, hakuna beki, hakuna kiungo, hakuna straika. Na msimu ule ndio ulikuwa wa kuchukua! Chelsea walianguka, City na United wakayumba. Februari 14, 2016, Welbeck aliwafunga Leicester kwa kichwa dakika ya 95, tukashinda 2-1, nikarudi nyumbani nikamwamsha mama yako kumwambia mwaka huu ni wetu. Leicester wakachukua ubingwa, wakatuacha kwa pointi kumi.

Hapo ndipo nilipobadilika. Nilisimama bandani nikasema aondoke, kwa sauti, mbele ya watu. Mzee yule yule uliyemkatiza barazani alinuna, wiki kadhaa akawa anapitisha baiskeli yake kwa fundi mwingine. Banda letu liligawanyika kama walivyogawanyika wenyewe London, ambako Machi 2017 ndege zilipita juu ya uwanja wa West Brom, moja na bango la kumtaka aondoke, nyingine la kumtetea. Bayern walikuwa wameshatufunga 5-1 kwao na 5-1 kwetu. Tukatoka nne bora. Bado akasaini miaka miwili mingine. Hilo la kusaini nitamlaumu mpaka nife, maana angeaga Wembley 2015, siku aliyowachapa Aston Villa 4-0, angeondoka amebebwa. Alipoaga 2018 tulikuwa wa sita, na viti vya Emirates vilikuwa vimeanza kubaki vitupu.

Kwa hiyo miaka yako kumi na minne siikubali. Nakupa mitatu, ya mwisho. Hiyo mingine alikuwa analipa nyumba unayoishangilia leo.

Na kuna jambo usilolijua, ulikuwa mdogo. Siku tatu baada ya ile 8-2, siku ya mwisho ya usajili, Wenger alimchukua kiungo wa Everton, hakuna aliyefurahi sana. Alikuwa Mikel Arteta, huyo huyo aliyekuja kuwa kocha wetu. Wewe ulikuwa bado kwenye nguo za Idi, kanzu mpya na kofia inayokudondokea machoni, nikakusomea jina hilo gazetini ukaniuliza, "Anafunga?" Nikasema hafungi sana, anapanga timu.

Ukija Desemba, kabla hujakaa barazani, pitia kwa yule mzee kwanza. Umwamkie, umwombe radhi kwa kumkatiza, kisha ubishane naye ukitaka, na mimi nitakuwa upande wako kwenye habari ya 2016. Baiskeli yake kaileta tena kwangu, breki zimekwisha.

Mama yako anasema usikose kula asubuhi.

Ni mimi,
Baba yako