Baba, upepo wa huku unachuna miti magamba

Moore, Oklahoma, Marekani

Shikamoo Baba,

Nisamehe sikupokea simu yako Jumatatu. Ving'ora vya mji vilikuwa vinalia, nasi tulikuwa ndani ya shimo la chuma chini ya sakafu ya gereji, mimi, mume wangu na wajukuu zako wawili, tumebanana magoti kwa magoti. Humo mtandao haushiki. Tonado, ule upepo mkali wa kuzunguka, ilipita mbali na kwetu. Sote wazima.

Uliniuliza kwa nini watu wenye uwezo wao wanajenga nyumba za mbao mahali penye balaa hili. Najua wewe fundi, majibu ya juujuu huyataki.

Kile kisulisuli cha kiangazi kinachopeperusha vumbi uwanjani huanzia ardhini. Tonado hutoka kwenye wingu kubwa la radi linalozunguka lenyewe. Ile ya tarehe 20 Mei 2013 ilipita papa hapa mjini, pana zaidi ya kilomita moja na nusu, kwa upepo uliokadiriwa kilomita 338 kwa saa. Iliua watu 24. Watoto 7 walifia ndani ya shule moja, na shule ile ilikuwa na kuta za tofali za saruji, Baba, si mbao. Kila nikipita pale moyo unanisinyaa.

Kwa hiyo kinachoponza nyumba mara nyingi ni maungio kuliko tofali au mbao. Mlango mpana wa gereji hubonyea kwanza, upepo ukaingia ndani na kusukuma paa kutoka chini, huku ule wa juu ukilivuta. Paa likishang'oka, kuta hazina cha kuzishika. Ndiyo maana mwaka 2014 mji huu ulipitisha kanuni kwamba nyumba mpya zihimili upepo wa kilomita 217 kwa saa: kenchi zifungwe ukutani kwa vyuma, na mlango wa gereji uwe imara. Tonado kali kabisa haizuiliki hata hivyo, lakini nyingi ni ndogo, na hapo ndipo kile kipande cha chuma kinapookoa watu.

Miti ndiyo ingekuliza. Ile inayong'olewa na mizizi yake ni ya kawaida. Penye upepo mkali zaidi mti hubaki umesimama, matawi yamekatika yote, gamba limechunwa, shina jeupe kama mfupa. Mchanga, vioo na vipande vya mbao vinavyoruka ndivyo vinavyouparua, kama randa. Wataalamu huja baadaye kuyasoma mabaki hayo, nyumba na miti, ndipo wakadirie kasi ya upepo. Kipimo chao kilianzishwa na Fujita, Mjapani aliyefundisha Chicago.

Habari za magari kurushwa na upepo sikuwa naziamini mpaka nilipoona picha za 2013, magari yamerundikana kwenye kuta za hospitali ya mji, mengine yamekunjwa hata hujui lipi lilikuwa la aina gani. Ndiyo maana ving'ora vikilia hatukimbilii gari.

Lile paa la jiko la Mama, kenchi zake bado zimepigiliwa misumari tu? Nimekutumia hela kidogo, nunua vyuma uzifunge kabla ya masika.

Na ukipiga simu usiku Mei hii isipokelewe, usimwambie Mama kitu. Tuko shimoni. Nitapiga tukitoka.

Mwanao

Msalimie Mama, shikamoo yake.