Mdogo wangu, yale matufe ni ya Mama

Lauscha, Ujerumani
Jumapili ya kwanza ya Majilio

Mdogo wangu Elibariki,

Mfikishie Mama shikamoo yangu kabla hujasoma mbele. Mimi mzima. Baridi ipo, nimeizoea. Ujumbe wako wa bati nimeupata, wa pikipiki nimeupata, na ule wa usiku wa manane wenye alama za kuuliza tupu nao nimeupata. Pesa nitazifikia. Kwanza nijibu: yako wapi matufe ya Mama, yale mapambo ya kioo ya mti wa Krismasi niliyomtumia?

Maana Ndeshi kanitumia picha za kipaimara huko Machame kwa wakwe zako, na nyuma ya keki kuna mti, na kwenye mti kuna ndege wangu, yule mwenye mkia wa nyuzi za kioo. Nimeivuta picha mpaka nikaona kidoa chekundu karibu na jicho, pale brashi yangu ilipoteleza. Jina la Mama niliandika juu ya boksi kwa kalamu nene. Kusoma unajua.

Na usinijibu kama Baba Mdogo, eti nimevuka bahari kuja kupuliza mapulizo, yatanunuliwa mengine pale stendi. Ya stendi ni plastiki. Haya yanapulizwa kwa mdomo, moja moja. Unashika mrija wa kioo juu ya moto wa gesi, unauzungusha bila kusimama, ukishalegea na kuwa mwekundu unapuliza. Ukiwa na pupa linapasuka, ukizubaa linabonyea upande. Kisha ndani linatiwa maji ya fedha na kutikiswa kwenye maji ya moto. Linaanza kuwa kahawia, unadhani umeharibu, mara linang'aa unajiona uso mzima. Zamani walitia madini ya risasi humo, fedha ikaja miaka ya 1870. Mimi nilianzia kwenye fedha, nikahamia kwenye rangi, na tangu Pasaka nina moto wangu. Msomee Baba Mdogo hapo mara mbili: nina moto wangu, katika mji unaofanya kazi ya kioo tangu 1597, ambako ufundi unarithishwa babu kwa mjukuu. Juzi fundi mkuu, mtu asiyemsifu yeyote, kaishika kengele yangu, kaigeuza, kaipanga kwenye meza ya soko la Majilio pamoja na zake. Hakusema kitu. Ikanunuliwa kabla ya mchana.

Wanapenda kusimulia huku kwamba matufe yalianza na fundi fukara aliyekosa pesa za kununua matofaa na njugu za kupamba mti, akazipuliza za kioo. Sijui, hadithi hiyo naiona tamu mno. Kinachojulikana ni daftari la oda la 1848 linaloyataja matufe hayo. Ninayoisadiki ni habari ya wanawake. Baba anapuliza, mama na watoto wanatia fedha na rangi humohumo nyumbani, kisha mama anajitwika kapu mgongoni kushuka mji wa Sonneberg kwa wafanyabiashara, na bei wanapanga wao. Mama na mikungu yake soko la Mwika, mlanguzi akimngoja barabarani, ndiyo hayohayo. Miaka ya 1880 akaja Frank Woolworth, Mmarekani mwenye maduka, kuyanunua na kuyapeleka Marekani. Aliyetajirika alikuwa yeye, mbeba kapu aliendelea kubeba. Basi boksi lile sikulituma kwako, wala usharikani, ingawa mchungaji angefurahi.

Sasa pesa. Bati nitamlipa mwenye duka moja kwa moja, risiti Ndeshi aipige picha. Kwenye simu yako siweki, na usinune; ya sementi mwaka jana ulisema "imeingiliana", mpaka leo sijui iliingiliana na nini. Ada ya Neema iko palepale, mtoto hana kosa. Mbuzi wa Krismasi tafuta mwenyewe: wewe ndiye kitinda mimba, kihamba, shamba letu la nyumbani, unakaa wewe, kahawa umeuza wewe.

Mimi mwaka huu siji. Nauli ninayo, likizo ndiyo sina. Tarehe 24 jioni huku maduka yamefungwa, kila mtu yuko ndani na watu wake. Ndizi mbichi nimezipata Erfurt, nitapika kiburu, japo maharage yao hayana akili. Magari ya Dar yakianza kupandisha, niwekeeni simu hewani hata kama hakuna wa kuongea nami. Nataka kelele tu, watoto, na mtu akigombania utumbo.

Kwa wakwe zako utajua mwenyewe la kusema. Kwa Mama uingie na sale, jani letu la kuombea msamaha, mkononi, maneno baadaye. Kama kuna lililovunjika sema limevunjika, nitapuliza jingine, ila ndege arudi. Kila moja lifunge na karatasi yake, na kile kikofia cha kuning'inizia usikivute, kinachomoka.

Ya pikipiki tutaongea nikishaona picha ya mti sebuleni kwa Mama, na Mama mwenyewe awe amekaa hapo.

Dada yako