Wanangu, anzeni na Kiswahili

Wanangu mnaoanzisha magazeti,

Mipango mliyonitumia nimeisoma yote. Imenifurahisha, ila kila mmoja wenu anasema ataanza kwa Kiingereza, Kiswahili kitafuata fedha zikipatikana. Hilo limeninyima usingizi.

Septemba 20, 1878, mjini Madras, India, vijana sita, walimu wawili na wanafunzi wanne wa sheria, walikopa rupia moja na robo tatu wakachapisha nakala 80 za gazeti la Kiingereza, The Hindu. Kilichowachoma ni magazeti ya Waingereza kumshambulia T. Muthuswamy Iyer, Mhindi wa kwanza kuteuliwa jaji wa Mahakama Kuu ya Madras. Waliwajibu watawala kwa lugha ya watawala, na siwalaumu.

Lakini mmoja wao, mwalimu G. Subramania Iyer, hakutosheka. Kiingereza kilisomwa na mawakili na makarani. Mkulima wa Kitamil, yaani mwenyeji wa kule Madras, angejua lini kwamba ugomvi ule ulimhusu? Mwaka 1882 akaanzisha Swadesamitran, maana yake rafiki wa nchi yake, kwa Kitamil. Na 1898, The Hindu likiwa limeshajenga jina, aliliacha akabaki na lile la Kitamil. Mwaka uliofuata likawa la kila siku. Hapo huwa nasimama kila nikifika. Mtu aache jina kubwa kwa hiari yake! Mwaka 1908 serikali ilimkamata.

Wakoloni walijua kinachowatisha. Sheria ya 1878 ya Lord Lytton, gavana mkuu wa Waingereza nchini India, iliyabana magazeti ya lugha za wenyeji peke yake, hata Amrita Bazar Patrika la Bengal likahamia Kiingereza kitupu ili lipone. Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India, alikuwa na magazeti mawili, Mahratta la Kiingereza na Kesari la Kimarathi. Makala zilizomfungisha miaka sita kule Mandalay, Burma, mwaka 1908, zilitoka Kesari.

Hata hapa kwetu, Nairobi, Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha gazeti la Colonial Times mwaka 1933, akatoa na Habari za Dunia kwa Kiswahili. Naye alionja jela kwa uchochezi.

Mtaniambia matangazo yako kwenye Kiingereza. Najua, nimesahihisha prufu maisha yangu yote na mishahara iliyochelewa naikumbuka. Hata hivyo nawasihi: toleo la kwanza liwe la Kiswahili, hata likiwa kurasa nne. Nileteeni kabla halijaenda mtamboni. Nitalisahihisha mwenyewe, bila malipo.

Mzee wenu